Fatu Hoza na viraka vya chandarua vinavyozuia ngiri

Ni saa mbili ya asubuhi katika soko la Korogwe. Mbele ya duka la vitambaa, mwanamke mwembamba aliyejifunga mtandio anavuta uzi mmoja kutoka jora la kitambaa cha chandarua. Anaushika kwa kibano, anawasha kiberiti na kuuchoma.

"Mama Yusra, siku moja utaniunguzia duka," anasema mwenye duka, Sharifu.

"Likiungua angalau utajua unauza nini."

Karatasi iliyobandikwa kwenye jora inasema kitambaa ni polista asilimia mia moja. Uzi unayeyuka, moshi wake ni mweupe, na kinachobaki kwenye kibano ni kidonge cha rangi ya kahawia. Mama Yusra ananusa, anatikisa kichwa.

"Nailoni. Wamekudanganya."

"Mbu hasomi lebo, mama. Wateja wangu wote shida yao ni mbu."

"Wa kwangu shida yao si mbu. Lete lile la juu."

Uzi wa jora la pili unatoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu, cheusi. Hiyo ndiyo polista. Anapimiwa mita nne na kuondoka.

Mama Yusra jina lake kamili ni Fatu Hoza, ana miaka arobaini na saba. Ni mshonaji katika chumba cha nguo cha hospitali moja ya misheni wilayani Korogwe, na mshahara wake ni shilingi elfu hamsini na mbili kwa mwezi. Anashona shuka, makoti ya wauguzi na vitambaa vya kufunikia wagonjwa wakati wa upasuaji. Chandarua anachonunua hakishoni. Anakikata viraka vyenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, na viraka hivyo vinawekwa ndani ya miili ya watu, vikae humo mpaka wafe kwa uzee.

Ugonjwa wenyewe ni ngiri. Ukuta wa misuli ya kinena unalegea, utumbo unasukuma na kutokeza chini ya ngozi kama yai. Korogwe ugonjwa huu unajulikana sana, kwa sababu mashamba ya mkonge yamejaa wanaume waliobeba mizigo mizito tangu ujana. Wengi wanavaa mkanda wa kubana na kuendelea na kazi. Hatari ni siku utumbo unapokwama nje na kukosa damu. Hapo mtu ana siku moja au mbili za kufika kwenye kisu.

Hospitali nyingi huishona misuli hiyo kwa nyuzi tu. Kwa mtu anayerudi kubeba mizigo, nyuzi huachia. Wenye uwezo huwekewa kiraka maalumu kinachoagizwa ng'ambo, na nyama huota kupitia matundu yake mpaka ukuta uwe mmoja. Kiraka kimoja kinafika hapa kwa shilingi elfu sabini. Kiraka cha Fatu, pamoja na kiberiti, hakifiki shilingi mia tatu.

Wazo la kutumia chandarua halikuwa lake. Daktari Gregori Mntambo, anayefanya upasuaji hospitalini hapo, alilisikia kwa daktari mgeni aliyesema nchi nyingine za joto zimeanza kulijaribu. Mwaka 1997 alinunua chandarua dukani, akakichemsha, kikatoka kwenye mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu kimeyeyuka nusu. Akakipeleka chumba cha nguo kuuliza kimepatwa na nini.

"Alidhani mtungi umeharibika," anasema Fatu. "Nikamwambia, Daktari, mtungi wako mzima. Umenunua mfuko wa plastiki uliofumwa."

Ujuzi huo haukutoka hospitalini. Kwa miaka kumi na miwili aliendesha mashine ya kufuma katika kiwanda cha umma mjini Tanga. Mitumba ilipofunguliwa mlango kiwanda kilizidiwa, na mwaka 1993 wafanyakazi waliitwa uwanjani wakasomewa majina. Kiinua mgongo chake kilinunua cherehani moja na bati kumi na nne. Kichwani aliondoka na mambo mengine: uzi gani unahimili joto, uzi gani unaoza ukikaa kwenye majimaji, kitambaa gani kinarudi kikifuliwa na kinarudi kwa kiasi gani.

Daktari alijua tumbo, Fatu alijua nguo. Walikaa miezi minne wakibishana juu ya meza ya kukatia.

Pembe kali za kiraka zilijikunja, akazikata mviringo. Daktari alitaka mpasuko upande mmoja, ili kiraka kizunguke mshipa unaokwenda kwenye korodani. Mpasuko ulichanika zaidi kila ulipovutwa. Fatu akaweka kitundu cha duara mwisho wa mpasuko, kama afanyavyo fundi kwenye shingo ya gauni, na kuchanika kukaisha.

"Daktari akasema huo ni ubunifu. Mimi nikamwambia kila fundi cherehani wa Korogwe anajua hivyo."

Kamati ya wataalamu Dar es Salaam iliruhusu wagonjwa arobaini tu, wakiwa wameelezwa na kukubali. Upasuaji ukaanza Machi 1998. Baada ya hapo kazi isimame, kila mgonjwa afuatiliwe kwa miaka miwili, ndipo kamati iseme kama iendelee au ifutwe.

Kosa lilifanyika mwanzoni kabisa, na alilifanya Fatu.

Chandarua ni chepesi. Ukikilaza mezani kinateleza, ukikikata kinajikunja. Mshonaji yeyote wa hapa akipewa kitambaa cha namna hiyo anakitia wanga: anachemsha maji ya unga wa muhogo, anakichovya, anakikausha, na mkasi unapita kama kwenye karatasi. Kanzu za Ijumaa zinatiwa wanga, vitambaa vya meza vinatiwa wanga, kofia za wauguzi zinatiwa wanga. Fatu akavitia wanga viraka sita vya kwanza. Akavisuuza mara tatu, akaviona vimetakata, akavipeleka kuchemshwa. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuona kama ni jambo la kusema.

Wagonjwa wawili kati ya sita vidonda vyao vilikataa kukauka. Daktari aliamini tatizo ni uchafu wa chumba cha upasuaji. Msimamizi wa chumba hicho, muuguzi Raheli, alipewa barua ya onyo.

"Nililia siku nzima," anasema Raheli. "Nilikuwa nasugua sakafu ile kwa mikono yangu."

Fatu alisikia habari za barua wakati wa chai. Hakumaliza kikombe. Alirudi chumba cha nguo, akatafuta masalia ya viraka vile sita, akaomba iodini kutoka stoo ya dawa. Kiwandani walikuwa wakiitumia iodini kujua kama wanga umetoka kwenye nyuzi: panapobaki wanga, tone linageuka jeusi. Alidondosha tone moja kwenye kila kipande. Vyote sita vikawa vyeusi kwenye mafundo ya nyuzi: wanga ulikuwa umebaki, na wanga ndani ya kidonda hukizuia kupona.

Akavibeba kwenye sinia mpaka ofisini kwa daktari.

"Nilimwambia barua ile abadilishe jina."

Barua ilifutwa. Fatu alipata ya kwake, na bado anayo nyumbani. Raheli hakumsemesha kwa wiki mbili. Siku alipomsemesha alimwita Bi Muhogo, na jina hilo halijamtoka.

Wanga ukapigwa marufuku, lakini chandarua kiliendelea kujikunja. Jibu Fatu alilipata kwenye duara la kutarizia la binti yake. Alimwomba fundi wa sufuria amkatie pete mbili za alumini, moja iingie ndani ya nyingine. Sasa anabana chandarua kati ya pete hizo, kikiwa kimenyooka kama ngozi ya ngoma, na kukiingiza chote kwenye mtungi wa mvuke. Joto linakirudisha kadiri kinavyotaka kurudi, na kikipoa kimeshika unyoofu. Baada ya hapo ndipo anakata. Kutoka kila jora kipande kimoja kinapimwa kwa iodini kabla ya chochote kwenda kwa daktari. Viraka thelathini na vinne vilivyofuata vilitengenezwa hivyo.

Mwaka huu wa 2001 miaka miwili imekwisha. Kamati inakaa Oktoba, na Fatu ameshaanza kununua chandarua akitumaini watakubali. Kufikia Julai, wagonjwa thelathini na tisa walikuwa wamepatikana na kupimwa. Alibaki mmoja, Salaash Lomayani, mfugaji wa Kang'ata wilayani Handeni. Kiraka chake kilikuwa cha tano, kwa hiyo ni kimoja kati ya vile vya wanga. Kwa utaratibu wa kamati, asiyepatikana upasuaji wake unahesabiwa kuwa umeshindwa.

Mara ya kwanza Raheli alipomfuata aliambiwa amehama na ng'ombe kuelekea Kwaluguru. Mara ya pili, katikati ya Agosti, Fatu aliomba ruhusa ya kwenda naye.

Alikuwa na sababu ya ziada, naye haifichi. Mume wake, Mhina, mkata mkonge kwa miaka ishirini na nne, amekwisha pasuliwa ngiri mara mbili. Nyuzi zimeachia mara zote mbili. Ngiri ya tatu ilitokeza Januari mwaka jana, wakati nafasi arobaini zimeshajaa. Daktari ameshamwambia kwamba kumshona tena kwa nyuzi peke yake ni kujisumbua. Sasa ni mlinzi wa shamba, anashinda kibandani, anavaa mkanda, na mara mbili mwaka huu ameletwa hospitalini kwa mkokoteni, uvimbe umekataa kurudi ndani. Mara zote mbili daktari aliurudisha kwa mikono. Kamati ikikubali, Mhina anawekewa kiraka. Ikikataa, elfu sabini hawana.

Salaash anapatikana siku ya mnada wa ng'ombe, si mbali na Kang'ata. Ni mwanamume wa miaka arobaini hivi, mrefu, fimbo mabegani. Mke wake, Siamanta, anauza maziwa chini ya turubai.

"Shikamoo, mama," Salaash anamwamkia Fatu.

"Marahaba, baba. Habari za ng'ombe?"

"Wazima. Na wewe ni nani?"

"Ni mshonaji wa hospitali. Ile nguo iliyo ndani yako niliikata mimi."

Salaash anamtazama. "Umekuja kuichukua? Chelewa kidogo. Tangu niivae sijaumwa na mbu tumboni."

Siamanta anacheka mpaka anaweka kibuyu chini. Raheli anacheka. Fatu anajaribu kucheka na inamshinda.

Kupimwa kunafanyika nyuma ya gari la hospitali, Siamanta akishika shuka kuwa pazia. Fatu anakaa kiti cha mbele na kutazama barabara. Kutoka nyuma inasikika sauti ya Raheli.

"Kohoa. Tena. Kohoa kama mtu mzima, baba, usikohoe kama unaomba njia."

Kikohozi kizito kinasikika.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

"Ulishawahi kutoka maji? Usaha?"

Anayejibu ni Siamanta. Kidonda kilifunga na kufumuka, kikafunga na kufumuka, kwa miezi minane. Salaash hakuweza kuvuta maji kisimani. Waliwaomba vijana wa shemeji wawanyweshee ng'ombe, na kwa shukrani wakawapa mtamba mmoja. Hospitali hawakurudi kwa sababu ni mbali, na kwa sababu mtu mmoja mnadani alisema nguo imeozea ndani na akirudi atakatwa upya. Mwezi wa tisa kilikauka chenyewe. Hakijafumuka tena mpaka leo. Ngiri haijarudi.

Fatu anashuka kwenye gari. Salaash anafunga shuka yake vizuri.

"Baba, kosa lile lilikuwa langu," anamwambia. "Nguo haikuoza. Niliitia wanga wa muhogo ili inyooke. Haikutakiwa. Wewe na wenzako watano mlipata hiyo."

"Wanga. Ule wa uji?"

"Huohuo."

Salaash anafikiri. "Kwa hiyo mlinilisha, mkasahau kuanzia mdomoni."

"Ndiyo. Nisamehe. Na mtamba wenu, sina cha kuwalipa."

"Mtamba alikwenda kwa ndugu, hakupotea," anasema Siamanta. "Lakini miezi minane alikuwa mkali kama nyuki. Hiyo ndiyo uniombe samahani mimi."

"Nisamehe na wewe, mama."

"Haya. Kunywa maziwa."

Raheli ameweka fomu juu ya boneti. Sehemu ya kwanza ni rahisi: ngiri haijarudi. Ya pili inauliza hali ya kidonda. Kalamu inasimama.

"Bi Muhogo, njoo uone. Imeandikwa 'hali ya kidonda siku ya kupimwa'. Siku ya kupimwa ni leo. Leo amekauka, mzima kabisa. Nikiandika mzima sijasema uongo."

"Na hapo chini?"

"Hapo chini ni maelezo mengine, kama yapo. Wengi tumewaachia wazi."

"Kwa sababu hawakuwa na maelezo."

"Mama Yusra, nisikilize." Raheli anashusha sauti. "Wawili wa wanga wanajulikana. Huyu akiwa wa tatu, ni nusu ya wale sita. Wazee wa kamati watasoma nusu, hawatasoma kitu kingine. Na Mhina je?"

Barabarani kundi la mbuzi linapitishwa, wanangoja vumbi litulie.

"Andika miezi minane," anasema. "Andika na sababu. Usiandike 'tatizo la kitambaa'. Andika wanga wa muhogo, mshonaji alitia."

"Unajichimbia kaburi."

"Andika, Raheli. Hospitali ya kwanza itakayoiga viraka hivi itampa mshonaji. Naye atafanya nini akiona kinajikunja?"

Raheli anaandika.

Daktari Gregori ana fomu zote arobaini mezani. Kati ya viraka sita vya wanga, vitatu vilileta vidonda vya muda mrefu. Kati ya thelathini na vinne vya pete, ngiri imerudi kwa mgonjwa mmoja, na mwingine kidonda chake kilitoa maji kwa siku kumi tu. Anakiri kwamba fomu ya Salaash imemkosesha usingizi.

"Bila yeye ripoti ilikuwa nzuri zaidi," anasema. "Pamoja naye inaeleweka zaidi. Sijui kamati itapenda kipi. Nitaomba wayahesabu makundi haya mawili mbalimbali. Wanaweza kukataa, na wakikataa hawatakuwa wamekosea kwa mujibu wa taratibu."

Ameiandikia kamati barua kuomba mshonaji apewe dakika kumi za kuzungumza mbele yake. Jibu limekuja: amekubaliwa. Haijawahi kutokea mtumishi wa chumba cha nguo wa hospitali hii kuitwa na wataalamu wa Dar es Salaam, na wenzake wa dobi wameanza kumuuliza atavaa nini.

Fatu anafikiria vitu vya kubeba. Atachukua pete mbili za alumini, chupa ndogo ya iodini na viraka viwili, kimoja cha wanga na kimoja kisicho na wanga. Atawapa wajumbe wavishike wenyewe na kuwauliza kipi ni kipi. Anaamini hakuna atakayejua kwa macho. Kisha atadondosha iodini. Baada ya hapo ataomba mambo mawili: upimaji wa iodini uwe sharti kwa kila hospitali itakayotaka viraka hivi, na washonaji wa hospitali hizo waletwe Korogwe wiki moja wafundishwe na mtu aliyekwisha kukosea.

Jioni ya siku jibu lilipofika, nyumbani kwao karibu na mashamba ya mkonge, Mhina amekaa kwenye kigoda, mkanda umelegezwa. Ni mtu wa maneno machache. Habari za Kang'ata ameshazisikia kwa Raheli kabla mkewe hajamwambia.

"Nimesikia umeandikisha."

"Nimeandikisha."

"Miezi yote minane?"

"Yote."

Mhina anajikuna kidevu. Binti yao Yusra anatoka na chungu cha maharage, anawatazama, anarudi ndani.

"Ningekuwa huyo Mmasai," anasema Mhina, "ningetaka iandikwe." Anaukaza mkanda. "Lakini mimi si yeye. Mimi nataka wakubali."

"Hata mimi nataka wakubali."

"Na wakikuuliza, mama, hicho kiraka unachokisifu unaweza kumwekea mtu wako?"

Fatu anavua mtandio, anaukunja mara nne na kuuweka magotini.

"Nitawaambia cha mtu wangu nilikikata wiki iliyopita," anasema. "Nimekipima mara mbili. Kimebaki kusainiwa na wao."